Kuchunguza Namba Kubwa kwa Kalamu na Karatasi: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa 1,234,567,890

Andika tarakimu kuanzia moja hadi tisa kwa mfuatano, kisha weka sifuri mwishoni. Unapata 1,234,567,890, namba ambayo mtu huiandika anapojaribu kalamu mpya au anapotaka kuona kama kibodi inafanya kazi, na kwa kuwa macho yameizoea, ni wachache waliowahi kuiuliza swali lolote. Mwongozo huu unaichukua namba hiyo na kuichunguza hatua kwa hatua, mpaka tujue imejengwa kwa vipande gani, ina vigawo vingapi na ina tabia gani. Njia zenyewe zinafaa kwa namba nzima yoyote yenye tarakimu nane, kumi au kumi na mbili. Miaka ya kufundisha hisabati imenionyesha kwamba wanafunzi hushindwa na namba kubwa kwa sababu huanza na swali gumu kabla hawajamaliza yale mepesi, kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi ni sehemu ya njia yenyewe, na ninakusihi usiuruke.

Unahitaji daftari la hesabu lenye miraba, penseli, ufutio, na orodha ya namba tasa kumi na nane za mwanzo: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59 na 61. Kikokotoo kiweke pembeni kwa sasa. Tutakirudia baadaye, na utaona kwa nini hakikustahili kushika usukani tangu mwanzo.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Kigawo cha namba ni namba inayoigawanya bila baki, na kigawe ni zao la namba hiyo na namba nyingine nzima. Kwa mfano 7 ni kigawo cha 21, na 21 ni kigawe cha 7. Namba tasa ni ile kubwa kuliko moja isiyo na kigawo kingine zaidi ya moja na yenyewe, na jina hilo limechaguliwa vizuri, kwa maana namba hiyo haikuzaliwa na kuzidisha namba ndogo kuliko yenyewe. Namba shufwa hugawanyika kwa mbili, na witiri hazigawanyiki; anayeswali witri usiku analijua neno hilo tangu utotoni. Kipeo cha pili cha 5 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Herufi moja tu inayatofautisha maneno hayo mawili, kwa hiyo yaandike kwa uangalifu.

Hatua ya kwanza: isome namba kwa sauti

Weka koma kila baada ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha soma: bilioni moja, milioni mia mbili thelathini na nne, elfu mia tano sitini na saba, mia nane na tisini. Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini katika lugha yetu ina kazi kubwa. Mtu akikutamkia "elfu kumi na tano" bila kusimama, hujui kama amekusudia 15,000 au 10,005, na ndiyo maana wafanyabiashara wengi husema "kumi na tano elfu" wanapotaka kuondoa utata. Katika namba yenye tarakimu kumi utata wa namna hiyo unaweza kujirudia katika makundi kadhaa, na kosa la kunakili lililoingia hapa litaharibu kila kitu kinachofuata. Hesabu pia tarakimu zenyewe: ziko kumi.

Hatua ya pili: uliza tarakimu kabla ya kugawanya

Tarakimu ya mwisho ni sifuri, kwa hiyo namba inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Tarakimu mbili za mwisho ni 90, na kwa kuwa 90 haigawanyiki kwa 4, namba yote haigawanyiki kwa 4. Maana yake ni kwamba 2 inaingia mara moja tu. Tukigawanya kwa 10 tunabaki na 123,456,789, ambayo inaishia na 9 na kwa hiyo haina tena 2 wala 5.

Sasa jumlisha tarakimu: 1 + 2 + 3 + 4 + 5 + 6 + 7 + 8 + 9 = 45. Namba hugawanyika kwa 9 iwapo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 9, na sababu yake ni rahisi: 10, 100, 1,000 na wenzake wote huacha baki 1 vikigawanywa kwa 9, hivyo kila tarakimu huchangia thamani yake yenyewe tu kwenye baki. Kwa kuwa 45 ni 9 mara 5, tunaweza kuondoa 9 mara moja: 123,456,789 ÷ 9 = 13,717,421. Jumlisha tena: 1 + 3 + 7 + 1 + 7 + 4 + 2 + 1 = 26, ambayo haigawanyiki kwa 3. Tatu zimekwisha.

Kabla ya kuendelea, tazama tulichokipata bila kukusudia. Namba yoyote ya tarakimu kumi inayotumia kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 mara moja tu ina jumla ileile ya 45, kwa mpangilio wowote utakaouchagua. Mipangilio hiyo, ukiacha ile inayoanza na sifuri, iko 3,265,920, na hakuna hata mmoja kati yake unaotoa namba tasa, kwa kuwa yote inagawanyika kwa 9. Jumla moja ya tarakimu imetoa jibu la maswali zaidi ya milioni tatu.

Hatua ya tatu: pepeta kwa namba tasa ndogo

Tumebaki na 13,717,421. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia ya mkato inayotegemea ukweli kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Chukua makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa kupokezana: 421 − 717 + 13 = −283. Ikiwa 283 inagawanyika kwa 7, kwa 11 au kwa 13, basi namba yote nayo inagawanyika hivyo. Lakini 283 ikigawanywa kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 8, na kwa 13 inabaki 10. Namba tasa tatu zimeondolewa kwa mstari mmoja wa hesabu.

Kwa 37, jumlisha makundi yaleyale bila kutoa, kwa sababu 999 ni 27 × 37: 13 + 717 + 421 = 1,151, na 37 × 31 ni 1,147, kwa hiyo inabaki 4. Namba tasa nyingine hazina njia ya mkato inayofaa kukaririwa, na ushauri wangu ni kugawanya moja kwa moja huku ukiandika baki pembeni. Kwa 17, kwa mfano, 17 × 806,907 = 13,717,419, na baki ni 2. Endelea hivyo mpaka 61. Hakuna hata moja itakayoingia.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, au hupiga moyo konde na kuendelea na 67, 71, 73 bila kujua mwisho uko wapi. Mwisho upo. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo viwili vyote vikikizidi kipeuo hicho, zao lao lingeizidi namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha 13,717,421 kinapatikana kwa kukadiria: 3,700 × 3,700 = 13,690,000, upungufu ni 27,421, na 27,421 ÷ 7,400 (mara mbili ya 3,700) ni takriban 3.7. Kipeuo ni kama 3,703.7. Kwa njia ya kupepeta tu ungelazimika kujaribu namba tasa zaidi ya mia tano kabla ya kufika kwenye jibu, kazi ya siku nzima na kurasa nyingi za daftari. Weka penseli chini na ubadilishe njia.

Hatua ya nne: tafuta tofauti ya vipeo viwili

Njia hii ni ya Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, ambaye mwaka 1643 aliitumia kuvunja 2,027,651,281 kuwa 44,021 × 46,061. Inatokana na kanuni ya aljebra ya shule ya sekondari: a² − b² = (a − b)(a + b). Ukiweza kuiandika namba yako kama tofauti ya vipeo vya pili viwili, umeivunja. Namba yoyote ya witiri inaweza kuandikwa hivyo, na swali ni kama utaipata njia hiyo mapema.

Anza na namba nzima ya kwanza iliyo juu ya kipeuo, yaani 3,704. Kipeo chake cha pili ni 13,719,616. Toa namba yetu: 13,719,616 − 13,717,421 = 2,195. Je, 2,195 ni kipeo cha pili kamili? Huhitaji hata kutafuta kipeuo, kwa kuwa kipeo cha pili kinachoishia na 5 lazima kiishie na 25, na hiki kinaishia na 95. Kimekataliwa.

Songa hadi 3,705. Usizidishe upya, ongeza tu 3,704 + 3,705 = 7,409 kwenye kipeo kilichopita, upate 13,727,025. Toa tena: 13,727,025 − 13,717,421 = 9,604. Tazama namba hiyo kwa makini. Mia moja mara mia moja ni 10,000. Tisini na nane mara tisini na nane ni 10,000 − 400 + 4, yaani 9,604. Ni kipeo kamili!

Kwa hiyo 13,717,421 = 3,705² − 98² = (3,705 − 98)(3,705 + 98) = 3,607 × 3,803. Hatua mbili zimefanya kazi ya migawanyo zaidi ya mia tano. Mimi bado husisimka kila ninapoifika 9,604 hapo kwenye daftari, ingawa najua inakuja.

Hatua ya tano: thibitisha kwamba vipande ni tasa

Usidhani kwamba 3,607 na 3,803 ni namba tasa kwa sababu tu zinaonekana ngumu. Kipeuo cha pili cha 3,607 ni zaidi kidogo ya 60, hivyo inatosha kujaribu namba tasa hadi 59. Jumla ya tarakimu zake ni 16, hivyo 3 haiingii, na tarakimu ya mwisho inaziondoa 2 na 5. Kuanzia 7 hadi 59 baki zinafuatana hivi: 2, 10, 6, 3, 16, 19, 11, 11, 18, 40, 38, 35, 3 na 8. Hakuna sifuri. Angalia 41 kwa makini zaidi, kwa sababu 41 × 88 = 3,608, pungufu ya moja tu, na mkono wenye haraka ungeandika kwamba inagawanyika.

Kwa 3,803 nenda hadi 61, kwa kuwa kipeuo chake kinazidi 61 kidogo. Nayo ni tasa. Umbo kamili la namba yetu, basi, ni hili:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803.

Hakuna njia nyingine ya kuijenga namba hii kwa namba tasa, ukiacha kubadilisha mpangilio wake tu. Sheria hiyo ndiyo inayoipa kazi hii yote thamani, kwa sababu sifa zinazofuata zinasomwa moja kwa moja kutoka kwenye mstari huo mmoja.

Hatua ya sita: hakiki kwa tisa, kisha kwa kumi na moja

Punguza kila namba hadi tarakimu moja kwa kujumlisha tarakimu zake. 3,607 inatoa 16, kisha 7. 3,803 inatoa 14, kisha 5. Zidisha: 35, kisha 8. Upande wa pili, 13,717,421 inatoa 26, kisha 8. Zinalingana.

Uhakiki wa tisa una udhaifu mmoja ambao ni lazima uujue: hauoni tarakimu zilizobadilishana nafasi, na hilo ndilo kosa la kawaida kabisa la mtu anayenakili. Kwa hiyo fanya pia uhakiki wa kumi na moja, ambao hujumlisha na kutoa tarakimu kwa kupokezana kuanzia kulia. 3,607 inatoa 7 − 0 + 6 − 3 = 10; 3,803 inatoa 3 − 0 + 8 − 3 = 8; zao ni 80, ambalo huacha baki 3 likigawanywa kwa 11. Na 13,717,421 inatoa 1 − 2 + 4 − 7 + 1 − 7 + 3 − 1 = −8, na −8 + 11 = 3. Sasa tunaweza kuendelea kwa moyo mtulivu.

Hatua ya saba: vuna sifa

Idadi ya vigawo hupatikana kwa kuongeza moja kwenye idadi ya mara ambazo kila namba tasa imeingia, kisha kuzidisha majibu: 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Namba yetu ina vigawo 48, pamoja na moja na yenyewe.

Jumla ya vigawo vyote hupatikana kwa kujumlisha vipeo vya kila namba tasa, kisha kuzidisha majibu: (1 + 2) × (1 + 3 + 9) × (1 + 5) × (1 + 3,607) × (1 + 3,803), yaani 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804 = 3,211,610,688. Ukitoa namba yenyewe, vigawo vyake vingine vinafikia 1,977,042,798, zaidi ya namba ilivyo. Namba za namna hii huitwa namba zidifu, na kwa hakika tungeweza kulijua hilo bila hesabu ndefu. Namba yoyote inayogawanyika kwa 6 ina miongoni mwa vigawo vyake nusu yake, theluthi yake na sudusi yake, na vitatu hivyo peke yake hutimiza namba nzima. Ikiwa namba ni kubwa kuliko 6, kigawo 1 bado hakijahesabiwa, na jumla imeshazidi.

Kuhusu vipeo vya pili, namba yetu ina tabia ya kukataa. Haiwezi kuwa tofauti ya vipeo viwili, kwa kuwa ni shufwa isiyogawanyika kwa 4. Ndiyo maana ilitubidi tuiondoe ile 2 kabla ya kutumia njia ya Fermat. Wala haiwezi kuwa jumla ya vipeo viwili, kwa sababu 3,607 huacha baki 3 ikigawanywa kwa 4 na inaingia mara moja tu, na namba tasa ya aina hiyo inapoingia idadi ya witiri huzuia jumla kama hiyo.

Namba hii pia iliwahi kuonekana kwenye saa. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa. Gawanya 1,234,567,890 kwa 86,400, ambazo ni sekunde za siku moja: unapata siku 14,288 na baki ya sekunde 84,690, yaani saa 23, dakika 31 na sekunde 30. Siku hizo zinaangukia tarehe 13 Februari 2009. Afrika Mashariki, iliyo mbele kwa saa tatu, ilikuwa tayari tarehe 14, saa nane usiku na dakika thelathini na moja.

Kikokotoo na mipaka yake

Sasa unaweza kukichukua kikokotoo, lakini kwa tahadhari. Kikokotoo kidogo cha tarakimu nane hakiwezi hata kuipokea namba yetu. Lahajedwali kama Excel huipokea, ila hutunza tarakimu 15 tu zenye thamani, na kasoro hiyo huonekana ukiizidisha namba kwa yenyewe. Jibu sahihi ni 1,524,157,875,019,052,100, lakini lahajedwali litaonyesha 1,524,157,875,019,050,000 bila onyo lolote. Jumlisha tarakimu za jibu hilo la pili: zinafika 60, ambayo haigawanyiki kwa 9, ilhali namba yetu inagawanyika kwa 9 na kipeo chake cha pili lazima kigawanyike pia. Uhakiki wa tisa, unaofanyika kwa penseli ndani ya nusu dakika, umekamata kosa ambalo mashine imelinyamazia.

Wakati njia ya Fermat isipofaa

Njia ya hatua ya nne ilikuwa ya haraka kwa sababu 3,607 na 3,803 zinakaribiana. Wanaotengeneza funguo za siri za RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwa hesabu uliobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, hulijua jambo hili, na ndiyo maana namba tasa mbili zinazozidishwa kutengeneza ufunguo hazipaswi kukaribiana mno.

Jaribu namba iliyogeuzwa, 9,876,543,210. Ukiondoa 10 na 9 unabaki na 109,739,369. Ukikimbilia njia ya Fermat hapo, utaanza na 10,476 na kupanda hadi 190,005, majaribio 179,530, kabla ya kupata kipeo kamili. Ukifuata mpangilio wetu, utapepeta kwa 7, 11 na 13 bila mafanikio, kisha 17 itaingia, na itaingia tena mara ya pili, na utabaki na 379,721, ambayo ni tasa. Ndiyo maana hatua ya tatu haipaswi kurukwa hata siku ambayo una haraka. Malizia mwenyewe hatua ya tano hadi ya saba kwa namba hiyo. Ukihesabu vigawo vya 9,876,543,210 na kupata 72, kazi yako iko sahihi.